Ile Nyeusi Si Uchafu

Tulimzika senge Rael Ijumaa iliyopita, mvua ya mchana ikinyesha jinsi inavyonyesha Kericho kila siku, na mimi sikulia kaburini. Watu waliona, na najua walisema. Wacha waseme. Senge ni dada ya baba, na kwetu Wakipsigis senge anaweza kukuchapa, kukutafutia mchumba na kukuficha, na baba yako akanyamaza kimya. Mimi wangu alinificha. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai upande wa huku Litein, zile tunazoziita laini. Mambo ya baba na mama sitayaleta hapa, kwa sababu hayakuingia katika chumba kile. Waliokuwemo ni senge, jirani yake Mama Kemunto, na utumbo wangu mkubwa, ambao ndio uliokuwa unagombaniwa. Mama Kemunto alikuja matanga kutoka kwao Nyamira, mzee sasa, ameshikwa mkono na binti yake. Kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwa leso. Vijana walipotaka kumsaidia kukibeba, aliwakatalia.

Nitasema wazi nilikuwa naugua nini, maana nimefundisha biolojia miaka mingi na sijawahi kuuonea haya utumbo. Nilikuwa naenda haja damu. Mwanzoni kidogo, kisha nyingi, kisha kila saa. Kwenye zahanati waliniambia ni taifodi, nikameza dawa ya taifodi. Haikuisha, wakasema ni amiba, nikameza ya amiba. Haikuisha, wakarudi kwenye taifodi. Nilikonda mpaka sketi yangu ya shule ikanizunguka mara mbili, na chuo cha ualimu nilichoitwa nikakiandikia kwamba nitachelewa. Mwishowe senge alichoka. Aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akavua aproni yake ya kuchumia, akanipeleka hospitali kubwa, na huko wakaingiza kamera wakaona. Utando wa ndani wa utumbo mkubwa ulikuwa umechubuka wote, mwekundu kama goti la mtoto aliyeanguka barabarani.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, Daktari Wanjiru, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakafungua duka Kericho mjini, kwa hivyo alijua kutusalimia kwa Kikipsigis na kujua tunadanganya wapi. Alitueleza polepole, na maneno yake nimeyatumia darasani mpaka leo. Alisema utumbo umefunikwa ndani na safu moja tu ya seli, moja, nyembamba hivyo, na kwamba safu hiyo haidumu. Inachakaa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache, maisha yako yote, wewe ukiwa umelala au unachuma chai. Chini tu ya safu hiyo ndipo zinapokaa seli za kinga, nyingi sana. Senge akauliza kama ndizo zinazoitwa askari wa mwili. "Wengi wanaziita hivyo," akasema daktari, "lakini mimi silipendi hilo neno, mama. Askari anajua kupiga tu. Hizi zina kazi za nyumba. Kuna zinazokula seli zilizokufa, kama mtu anayefagia. Kuna zinazouambia utando, zaa, hapa pametoboka. Na kuna zile ambazo kazi yao ni kutuliza wenzao wasipige bakteria ambao ni wapangaji wa kawaida mle ndani. Kwa huyu msichana, hao watulizaji wamezidiwa. Wenzao wamepandwa na hasira, wanapiga mpaka ukuta."

Mimi nikamwambia basi aziue zote. Nilikuwa nimechoka. Alinitazama akasema, "Nikiziua zote, nani atajenga?" Kisha akaniambia jambo lililonikaa mwaka mzima. Atanipa dawa ya kuzituliza, na nisiiache ghafla hata siku moja. Mwisho wa mwaka ataingiza kamera tena. Utando ukiwa umefunga, nitaenda nyumbani na utumbo wangu. Usipofunga, watautoa wote, na nitavaa mfuko kwenye tumbo mpaka nife. Leo nina mwanafunzi anayevaa mfuko kama huo, na anacheza mpira wa wavu vizuri kuliko wote, na ukimhurumia atakuonyesha mlango. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa sijamwona mtu kama yeye. Nikasema, "Hamtautoa." Sikuwa namwomba. Daktari akatabasamu kidogo, akaandika dawa.

Chumba cha senge kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa shuka ya maua. Upande mmoja kitanda, upande wa pili jiko, sufuria, na aproni yake ya plastiki imetundikwa kwenye msumari, ikinuka majani mabichi. Vyoo vilikuwa mwisho wa laini, mbali kwa mtu kama mimi, kwa hivyo senge alinihamisha nikalala karibu na mlango na yeye akalala karibu na jiko na moshi wake. Juu ya rafu, peke yake, palikaa kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya kuganda. Ndani kimepakwa makaa ya mti wa senetwet mpaka kuta zake zimekuwa nyeusi na laini, na maziwa hutoka na rangi ya majivu na harufu ambayo mtu wa kwetu aliye mbali huiota. Kibuyu kile alipewa na mama yake. Daktari alikuwa amesema mursik niache kwanza, kwa sababu dawa itanipunguzia kinga na maziwa yaliyolala yanaweza kunidhuru. Nikaacha. Usifikiri lilikuwa jambo dogo. Mgeni akija anamiminiwa, mwenye nyumba naye anakunywa, na anayekataa anakuwa amemtukana aliyekamua na ng'ombe mwenyewe. Walikuja wazee wa ukoo kuniona, kikombe kikazunguka, kikafika kwangu, nikasema siwezi. Senge akakichukua mkononi mwangu, akanywa fungu lake na langu, akajipangusa mdomo. "Amekunywa," akasema. Kikombe kikaendelea kuzunguka.

Chakula changu kilipikwa na nyumba mbili. Senge alinipikia wali uliolegea na uji wa wimbi uliochujwa. Mama Kemunto, ambaye alikuwa anaishi mlango wa pili na kuchuma mstari mmoja na senge, alileta ndizi za kwao amezichemsha na kuziponda kwa mwiko, hazina chumvi, hazina kitu, na akakaa mbele yangu mpaka nimalize. "Kula, Chelangat. Hizo zinapita bila kugonga mtu." Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya sokoni, na hakuna neno alilolijua kwa sauti ndogo. Kuta za laini zilikuwa za mawe lakini juu hapakuwa na dari, mabati yalikuwa yamefunika vyumba vyote pamoja, na maneno yalitembea juu kwa juu kama moshi. Ndivyo nilivyosikia habari zangu. Dawa ilikuwa imenivimbisha uso ukawa mviringo kama sahani, huku mikono imebaki vijiti, na jioni moja mama mmoja aliyekuja kuomba moto kwa Mama Kemunto alisema kwamba wanaokonda hivyo wanajulikana ni ugonjwa gani, na msichana wa chuo anautoa wapi kama si kwa wanaume. Aliyejibu ni senge, kutoka kwetu, bila kuinuka kwenye kigoda, akiwa anachagua mchele. "Kama ni huo, atakufia kwangu. Kama si huo, atapona kwangu. Wewe chukua moto uende." Nikalala nimeuma blanketi. Nilikuwa nimeshapimwa, na haukuwa huo, lakini senge hakutaka kunitetea kwa hilo.

Ilipofika Oktoba daktari alianza kunipunguzia dawa, na damu ikarudi. Kidogo kwanza. Sikumwambia mtu, lakini nani atamficha senge safari za chooni? Habari zikamfikia baba mdogo, na yeye akaja kutoka Kiptere na chupa. Ndani mlikuwa na maji meusi ya mizizi aliyonunua sokoni kwa mtu aliyeapa kwamba yameponya watu mpaka Fort Ternan. "Hii inafua tumbo," akasema. "Inatoa kila kitu kilichoko huko ndani, kibaya chote, unabaki msafi kama mtoto mchanga. Hizo dawa za hospitali utakunywa mpaka lini? Ukishaanza hii, unaziacha zile." Nikamwambia daktari amesema ni mwili wenyewe unaojipiga. "Ndiyo hivyo," akasema baba mdogo. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenye chawa inafanywa nini? Inachemshwa." Simlaumu. Alikuwa amelia njiani, macho yalionekana. Aliweka chupa chini ya kitanda changu na kwenda zake.

Nataka msomaji anielewe hapo. Nilitaka ile chupa. Miezi nilikuwa nimemeza vidonge vya kutuliza, kutuliza, na kilichokuwa kikinipiga bado kilikuwa mle ndani, kinakula wali wangu. Neno la daktari kwamba hao hao ndio wanaojenga lilikuwa limebaki neno tu. Nililisema kwa mdomo lakini tumbo halikuliamini. Neno la baba mdogo lilikuwa na nguvu kuliko hilo. Fua, toa, anza upya. Mtu anayetoka damu hataki kusikia habari za wapangaji na watulizaji. Anataka waya ya kusugulia na sabuni. Niliamua kwamba Jumamosi, senge akiwa kazini, nitainywa, na vidonge nivitupe.

Jumamosi hiyo Mama Kemunto alikuwa na zamu ya kupumzika. Alikuwa amesikia kwa senge kwamba dawa zangu zinapunguza kinga, na kwamba uchafu mdogo tu unaweza kunimaliza, na maneno hayo yalikuwa yamemkosesha raha. Basi aliingia kwetu asubuhi na ndoo mbili za maji moto na sabuni ya kipande, akanitoa nje na kunikalisha kwenye kiti juani, chupa yangu ikabaki chini ya kitanda. Alifua shuka ya maua. Alipangusa dirisha. Alisugua masufuria mpaka yakang'aa. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisa kwa Kikisii na waya ikikwaruza, ikikwaruza, muda mrefu, na mimi pale nje nikiwa nahesabu tu ataondoka lini ninywe dawa yangu. Alipomaliza alitoka amelowa jasho, anacheka. "Sasa hata malaika anaweza kulala humo," akasema.

Senge alirudi mchana na maziwa aliyokuwa amechemsha kwa rafiki yake mwenye ng'ombe. Alishusha kibuyu kwenye rafu ili ayamimine. Akakinusa. Akakigeuza mdomo kwenye mwanga wa mlango, akaangalia ndani, kisha akaingiza kidole. Kidole kikatoka cheupe. Mama Kemunto alikuwa amesimama nyuma yake na mikono kiunoni, anangoja kushukuriwa. "Hiyo ndiyo ilinichosha zaidi," akasema. "Uchafu ulikuwa umegandia, dada. Lakini nimetoa wote." Senge hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kigoda na kibuyu mapajani. "Mama Kemunto," akasema, "ile nyeusi si uchafu. Ile nyeusi ndiyo ilikuwa inalinda maziwa."

Mama Kemunto akalia, mwanamke yule mkubwa, akilia kwa kujifunika uso na leso, akisema alikuwa anaogopa mtoto atakufa, alikuwa anaogopa tu. Senge akamwambia aketi. Akamwambia mama yake ndiye aliyeanza kukipaka, na yeye ameendeleza, na kila maziwa yakiisha mtu anaongeza kidogo, ndiyo sababu hakuna anayejua ile nyeusi ina umri gani. "Na sasa?" akauliza Mama Kemunto. "Sasa tunaanza. Hakitapona kwa siku moja. Maziwa ya kwanza yatakuwa machungu, na ya pili. Tutamwaga na kuendelea." Akayamimina yale maziwa kwenye sufuria ya kawaida, akatutengenezea chai.

Mimi nilikuwa mlangoni. Sikuambiwa na mtu nifikirie nini, na senge hakuwa anasema habari za utumbo, alikuwa anaomboleza kibuyu cha mama yake. Lakini nilimwona Mama Kemunto, ambaye alinipenda, na nikamwona baba mdogo, ambaye alinipenda, na nikaona kwamba mapenzi yote mawili yalikuwa yameshika waya. Kama ukuta uliosuguliwa ungekuwa wa ndani yangu, ningemshukuru aliyeusugua. Daktari alikuwa ameniambia kwa maneno, nani atajenga, na hapo ndipo tumbo langu lilipoamini. Niliingia, nikachukua chupa chini ya kitanda, nikaenda nayo mpaka mwisho wa laini na kuimwaga chooni. Jumatatu nilikuwa kwa Daktari Wanjiru, nikamwambia damu imerudi. Hakushtuka. Alisema tulipunguza haraka, akanirudisha kwenye kipimo cha mwanzo, akaniongezea dawa nyingine ya kufanya kazi polepole, na akaniambia maneno mengine ninayoyapenda, kwamba utando hauwezi kulazimishwa, unapewa nafasi tu. Nikamwambia mimi nitaupa nafasi hata kama itabidi nikae kwenye kiti juani mpaka nizeeke. "Hasira zako ni nzuri," akasema. "Zipeleke kwenye kumeza vidonge kwa wakati."

Ndivyo nilivyofanya. Nimekuwa mkaidi maisha yangu yote, na hiyo ndiyo miezi ambayo ukaidi ulinifaa zaidi. Jioni senge alichoma tawi la senetwet jikoni, akaliponda likiwa na moto ndani ya kibuyu, na kusugua kuta zake kwa sosiot, ule ufito wake wenye kichwa cha nyuzi kama brashi. Baada ya juma moja alimpa Mama Kemunto ule ufito. "Mkono ulioharibu ndio utengeneze," akasema, na Mama Kemunto akakubali kama mtu aliyesamehewa, akasugua mpaka vumbi la makaa likamjaa puani. Maziwa ya kwanza yalikuwa machungu, tukayamwaga. Ya pili tukayamwaga. Mimi nilikaa kati yao nikila ndizi zangu zilizopondwa, nikiwasikiliza wakigombana kuhusu msimamizi na mizani, na nikajua kwamba ndani yangu kuna kazi kama hiyo inaendelea, safu moja, isiyoonekana, inayochakaa na kuzaliwa. Ningeuambia utando, zaa, kama ningejua lugha yake.

Siku ya kamera senge aliomba ruhusa tena, na Mama Kemunto akaja bila ruhusa, akakatwa siku yake. Nilipoamka kutoka kwenye usingizi wa sindano Daktari Wanjiru alikuwa ameegemea kitanda. Alisema, "Umefunga." Nikamwambia arudie. Akarudia. Kulikuwa na makovu, na nitameza dawa miaka mingi, na bado naimeza, nimewahi kutoka damu mara kadhaa tangu hapo na kila mara nimerudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Lakini ulikuwa umefunga. Nje kwenye benchi Mama Kemunto aliposikia alipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Januari nilienda chuoni.

Sasa wasichana wangu wa kidato cha tatu wakifika kwenye sura ya kinga ya mwili, wanataka vita. Wanachora mikuki. Nawaacha wachore, kisha nawaambia wafute nusu ya mikuki na wachore mafagio, miiko, na mtu aliyeketi na kumwambia mwenzake tulia. Hawapendi, wanasema mwalimu anatuharibia. Siku moja mmoja wao atakuwa na mgonjwa nyumbani, na atakumbuka.

Ijumaa, baada ya mazishi, Mama Kemunto aliniita jikoni kwa senge. Alifungua leso. Nilikijua kabla hajamaliza fundo la kwanza. Alisema mikono ya senge ilipoanza kutetemeka, miaka kadhaa nyuma, senge alimpelekea yeye kibuyu mpaka Nyamira na kumwambia hakuna Mkipsigis aliyebaki anayejua kile kibuyu kama yeye. Majirani zake walimcheka, Mkisii anapaka makaa kwenye kibuyu. Aliendelea kupaka. "Kunywa," akaniambia, "maziwa nilichemsha mwenyewe." Nikamwuliza kama bado anaogopa nitakufa. "Naogopa," akasema. "Lakini sisugui kitu kwa waya."

Nikanywa. Yalikuwa mazito, baridi, yana moshi, na nikayasikia yakishuka mpaka chini, ndani ya utumbo wangu wote, ambao hakuna aliyeukata. Hapo ndipo nilipomlilia senge Rael, kwa sauti, mbele ya wapishi na sufuria zao, na Mama Kemunto akanishikia kibuyu kisimwagike. Nilipomaliza alikifuta mdomo kwa leso, akakiweka mikononi mwangu, akaondoa ya kwake. Jana nimekata tawi la senetwet. Limeanikwa nyuma ya nyumba, linakauka.